Rangi za Maji za Mchongaji

Mume wangu alibakiwa na neno moja: maji. Ugonjwa ulimpiga mwezi wa Novemba, asubuhi, akiwa mbele ya meza yake ya kazi. Ulichukua mkono wa kulia, ukachukua Kifaransa chake chote, Kiswahili chake chote na Kimashi alichofundishwa na mama yake, ukamwachia neno hilo moja, kama mwizi anayeacha sufuria iliyotoboka. Akitaka kula, maji. Akiumwa mguu, maji. Padri alipokuja kumpaka mafuta ya wagonjwa na kumwomba aitikie amina, aliitikia maji, nami nikacheka mbele ya padri, Mungu anisamehe.

Na kwa kuwa nina kichwa kigumu, nilimletea maji. Miezi minane. Namletea kikombe, anakisukuma. Nakirudisha, anakisukuma tena. Tukagombana hivyo kila siku, yeye kwa neno lake moja, mimi kwa yote yaliyobaki.

Naitwa Mapendo. Nimefundisha darasa la tatu hapa Bagira miaka ishirini na sita, kwa hiyo msitarajie niseme kwa sauti ndogo. Mume wangu ni Nathanaël Zagabe, mchongaji wa miti. Watu wanamjua kwa yule mwanamke wake wa mti aliyebeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, ila uso wenyewe hakuna. Kila mgeni alimuuliza uso uko wapi. "Uso utaweka weye," alikuwa anajibu, na wengine walikwenda zao wamenuna.

Kibanda chake cha mabati kiko nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Kasha. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya mtu yeyote kugusa patasi, alichukua kipande cha kaa akapaka mti weusi huku na huku. Kisha alimwita Placide, fundi aliyechonga naye miaka kumi na tano, akamwamuru: "Toa!" Sauti yake ilifika barabarani. Toa hapa, toa pale, toa tena. Mimi sikuwahi kuangalia zaidi ya hapo. Kazi yangu ilikuwa kuokota vibanzi vya kuwashia mbabula, jiko letu la makaa, na nilichojua ni kwamba vibanzi vyake vyote vilikuwa na weusi, nikawa naingia darasani na vidole vya muuza makaa. Nilimlalamikia miaka thelathini. Hakujali hata siku moja.

Wiki tatu kabla ya ugonjwa, gogo la libuyu, mti wa mbao ya thamani, lilifika kutoka misitu ya Bunyakiri. Wanaume wanane walilibeba kutoka barabarani wakiimba na kutukanana. Gogo lenyewe refu kuliko mimi, na moyo wake mwekundu. Zagabe alilizunguka siku baada ya siku bila kuligusa.

"Iko mutu ndani," aliniambia. "Mais anakataa kugeuka."

"Umwambie ageuke mbio," nikamjibu, "miye nataka kuanika nguo pale."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho ya maana kuhusu kazi, na nikiyakumbuka najionea aibu. Gogo likabaki uani. Zagabe akabaki kwenye kiti chake kibarazani, akiliangalia kuanzia chai ya asubuhi hadi jua likiondoka. Na kwa jinsi barabara ilivyo sasa, gogo la namna hiyo halishuki tena kutoka Bunyakiri.

Didier, mdogo wake, ni mtu wa ofisi. Anafanya kazi na shirika moja mjini, anavaa shati jeupe hata siku ya matope, na anapenda mambo yamalizike. Jumapili moja baada ya misa aliniketisha.

"Shemeki, ile muti njo inamuua," alisema. "Kila siku anaona kazi yenye hataweza tena. Tuipeleke ku chapelle, ile kanisa ndogo. Batatengeneza bancs, batu batakaa pale, batamuombea. Jina yake itabakia."

Didier si mtu mbaya. Nawaambieni hivyo mapema ili msimchukie bure. Na siku hiyo Zagabe alikuwa amekirusha kikombe ukutani, nguo yangu ya misa ikalowa, nikawa nimechoka mpaka mifupani. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kibarazani:

"Basi, bachukue! Bachukue yote!"

Zagabe alisikia. Alinigeuzia macho, na hakusema hata maji. Didier akaandika kwenye simu yake: Jumamosi, wapasuaji mbao, saa tatu.

Kesho yake, Jumatatu, alikuja Élodie, kiné wetu, msichana mwembamba anayemnyoosha Zagabe viungo mara mbili kwa wiki. Badala ya ile balle ndogo ya kufinyafinya alitoa kisanduku cha rangi za maji, zile za watoto, na karatasi nzito za kuchorea dessin.

"Papa, leo tutapaka rangi," alimwambia. "Na mukono ya kushoto. Polepole."

Zagabe alikiangalia kisanduku kama mtu aliyeletewa uji baridi. Maisha yake yote alisema rangi ni nguo ya kufichia kazi mbaya. Akakishika kibrashi kwa ule mkono wa kushoto, akakigeuza, akasema:

"Maji."

Nikaleta kikombe kama kawaida yangu, tayari kugombana. Akachovya kibrashi ndani. Élodie akapiga makofi. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane nilikuwa nimemletea kile alichoomba. Nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu, kisha nikalia, sijui kipi kilianza kuisha.

Alipaka siku tatu karatasi moja. Jasho lilimtoka puani. Alianza na buluu, mkanda mrefu uliotelemka upande wa kushoto. Halafu nyekundu ya udongo, ile inayotiririka kwenye njia za Kadutu mvua ikikatika. Halafu kijani, ambacho kiliingiliana na buluu, na chini kabisa rangi ya majivu. Aliinamisha ubao wa chini ya karatasi, akaacha maji yatembee, na yalipotaka kuvuka mahali fulani aliyazuia kwa kitambaa haraka sana, kwa hasira. Katikati paliachwa peupe. Jumatano mchana alikisukuma kibrashi. Mimi nikamwekea karatasi nyingine. Akaitupa chini.

Didier alipita jioni ile akitoka kazini. Aliishika karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii iko lac, ziwa yetu," alisema. "Unaona? Bleu yote hii. Na hapa ni kisiwa, ni Idjwi."

"Hapana, tonton, iko abstrait," akasema Élodie, aliyekuwa anamaliza kumnyoosha Zagabe. "Haiko kintu. Iko hisia."

"Hisia ya nini?"

Élodie akaanza kukusanya vitu vyake.

Mimi niliona madimbwi. Nisiwadanganye. Niliona madimbwi manne ya rangi yaliyogusana, na iliniuma, kwa kuwa mtu huyu alikuwa akiingia ndani ya mti akatoka na mama mzima mwenye mzigo na kiburi chake. Zagabe alinisogezea karatasi. "Maji," alisema. Nikamletea maji. Akagonga karatasi kwa kidole, palepale katikati. "Maji! Maji!" Nikamwambia, "Nimeona, Baba Carine. Iko muzuri sana." Nilisema kwa ile sauti ninayowapa wanafunzi waliochora ng'ombe mwenye miguu mitano. Miaka thelathini ameisikia sauti hiyo nikisahihisha madaftari. Akageuza uso ukutani.

Carine, binti yetu aliyeolewa Lubumbashi, alinipigia simu siku iliyofuata. Nikamwambia baba yake anaendelea vizuri, anapaka rangi. "Rangi ya nini, maman?" Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Ijumaa asubuhi nilitaka kupika maharage. Katika kibanda kulibaki gunia moja la vibanzi vya zamani, la mwisho. Nikapanga vibanzi kwenye mbabula nikinung'unika, vidole vikawa vyeusi kama zamani. Hapo mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa, na ile karatasi nilikuwa nimeianika kwenye kamba kwa vibanio viwili, pamoja na mashuka. Nikakimbia. Nikaianua, nikaileta kibarazani, na nilipoiweka mapajani mwa Zagabe tukaona wote wawili: dole gumba langu jeusi, limekaa katikati ya ule weupe, limechapwa vizuri kama la mtu asiyejua kusaini.

Zagabe akapiga kelele. "Maji! Maji!" Akawa anasugua lile doa kwa kiganja, machozi yanamtoka, anasugua, analipanua.

"Baba Carine, ni kadoa kadogo!" nikasema. "Karatasi yote umejaza rangi, sasa unalilia kadoa?"

Na nikiwa bado nasema hivyo nikasikia ujinga wa swali langu mwenyewe. Kwa nini alilie mahali ambapo hakupaka kitu? Nikaangalia vidole vyangu. Nikaangalia mbabula, vibanzi vimejipanga, kila kimoja na upande wake mweusi. Miaka thelathini nimewasha moto kwa weusi ule. Kilichopakwa ndicho kilichotoka. Kila kilichopakwa kaa kilianguka chini, nikakiokota mimi, nikakipikia. Kilichobaki safi ndicho kilichobaki na kwenda kusimama mbele ya watu.

Mimi nilikuwa naangalia vibanzi.

Nikapiga magoti pale kibarazani. Nikaiangalia karatasi upya, nikayaacha madimbwi, nikaufuata weupe kwa macho, kuanzia juu. Palikuwa na kichwa bila uso. Palikuwa na mgongo ulioinama kidogo mbele. Bega la kushoto lilishuka kuliko la kulia, na mabega ya namna hiyo hapa Kasha ninayo mimi, kutokana na mfuko wa madaftari niliobeba tangu usichana. Palikuwa na tumbo pia, tusifichane. Na mkono mmoja ulinyooka mbele, ukishika kitu kidogo, kifupi, kama kikombe. Dole gumba langu lilikuwa limekaa juu ya ule mkono. Kwa lugha yake, nilikuwa nimejikata mkono mwenyewe.

"Hii rangi yote," nikamuuliza, "ni ya kutoa?"

Akaacha kusugua.

"Maji," akasema, polepole.

"Na hii nyeupe njo inabakia?"

"Maji."

"Ni miye?"

Nusu ya mdomo wake ikacheka. Ile nusu nyingine haiwezi bado. Akanishika kifundo cha mkono, akakibana, na nguvu ya mkono ule wa kushoto ilinishangaza. Nikamwambia nimekuwa mjinga miezi minane. Hakubisha.

Doa nililitoa kwa mkate. Mwalimu yeyote anajua: unachukua moyo wa mkate, unaufinyanga, unagonga taratibu bila kusugua, makaa yanapanda kwenye mkate. Nilitumia mkate mzima wa asubuhi. Karatasi ikawa safi, ila kivuli kidogo tu. Mvua ilipokatika nikapanda mototaksi mpaka Kadutu.

Placide siku hizi anatengeneza vitanda, karibu na soko. Nilimkuta anapiga randa ubao wa kichwani. Nikamfungulia karatasi bila hata salamu. Hakuuliza kama ni ziwa.

"Eh," alisema. "Alipaka ya kutoa."

"Ulijua mara moja?"

"Maman, miye nilikula weusi ile miaka kumi na tano." Akaisogeza karibu. "Hii nyekundu iko mbele yake. Bleu iko mugongo. Huyu mama eko na haraka hapa, unaona? Majivu, ni chini, kisiki." Kisha akainua macho. "Gogo iko?"

"Iko mpaka kesho saa tatu," nikasema, nikamweleza nilichofanya. Alinyanyua randa, akaiweka. Alikuwa na kitanda cha maharusi cha kumaliza. Akasema maharusi watalala chini siku mbili, bado wana nguvu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni na patasi zake zimefungwa kwenye kitenge. Mimi nilitengeneza miraba kwa uzi, kama ninavyofundisha darasani kukuza ramani ya Kongo: nyuzi juu ya karatasi, nyuzi juu ya gogo, mraba kwa mraba. Placide alinishikia nyuzi. Nikachora kwa kaa, nikajaza weusi penye rangi, nikaruka penye weupe. Zagabe alituangalia kutoka kitini bila kupepesa. Saa tatu kasorobo Didier akaingia uani na wapasuaji wawili wenye msumeno mrefu.

Akaliona gogo. Akaniona mimi, mweusi hadi viwikoni.

"Shemeki, uliniambia ndiyo," alisema. "Abbé, padri wetu, alishatangaza ku kanisa."

"Nilikosa, Didier. Nilisema na hasira. Na ile muti haikuwa yangu ya kupatia mutu. Nakuomba samahani hapa mbele ya batu."

"Na nani atachonga? Yeye? Na mukono gani?"

Lilimtoka tu, na aliposikia alichosema alitaka kulirudisha, nilimwona. Hapo tukasikia kiti kikilia. Zagabe alikuwa anasimama. Élodie amemfundisha kusimama kwa kushika ukuta, lakini uani hakuna ukuta. Akashuka ngazi moja ya kibaraza kwa fimbo, akavuta mguu, hatua kama saba hivi, na Placide alipotaka kumshika nilimzuia. Alifika kwenye gogo akihema. Akanipokonya kaa.

Alitazama mistari yangu kama nilivyozoea kutazama madaftari ya watu. Kisha akaegemeza fimbo, akafuta kwa mkono wa shati mstari wa bega la kushoto, akauchora chini zaidi. Mkono ulitetemeka. Mstari ulienda pale alipotaka. Akajaza weusi juu ya bega, sehemu kubwa ya kona ya gogo, akisukuma kaa mpaka likavunjika vidoleni. Tumbo hakuligusa, akaliacha jinsi lilivyo.

Didier alikaa chini juu ya kisiki, na suruali yake ya pasi. Alimwangalia kaka yake, akatoa kitambaa, akajifuta macho bila kuficha.

"Bon," mmoja wa wapasuaji akauliza, "tunapasua ao hatupasue?"

"Munapasua," Placide akasema. "Mais hapa tu. Kwenye weusi."

Walikata ile kona kubwa iliyopakwa. Ilianguka ubao mnene, mrefu, mwekundu, unaokalika na watu wanne. Nikamwambia Didier: hiyo peleka chapelle.

"Banc moja?"

"Banc moja, mais ya libuyu."

Alianza kucheka, kitu ambacho sijakiona kwake tangu Novemba. Akasema atamweleza abbé mwenyewe, na kwamba yeye ndiye atakayekaa juu yake wa kwanza.

Tukamrudisha Zagabe kitini, tukakisogeza kiti karibu na gogo. Karatasi nikaibandika kwenye ubao, ikae mbele ya macho yake. Placide akachagua patasi pana, akaiweka juu ya weusi chini ya mkono wa yule mwanamke, akanyanyua nyundo ya mti, akabaki hivyo. Kwa miaka kumi na tano hakuwahi kupiga bila kuambiwa. Mkono haukuwa na desturi ya kuanza wenyewe.

Tukangoja. Hata wapasuaji waliacha kufunga msumeno wao. Mdomo wa Zagabe ukaanza kufanya kazi, midomo inakutana, inaachana, mishipa ya shingo imesimama. Mimi nilijua kinachokuja, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kikombe, kimejaa, kwa mazoea tu.

"To," alisema Zagabe.

Kikombe kikanimwagikia miguuni. Placide akageuka, nyundo bado iko hewani, akamkodolea macho, akasahau kabisa anachofanya pale. Na Zagabe akakasirika, kwa hasira yake ya zamani, ile ya kusubirishwa na fundi mzembe. Akapiga fimbo chini.

"Toa!" akasema, na sauti ikafika barabarani.

Placide akatoa.